Kabla hamjanunua simtanki: jinsi ya kuisaidia shule ya kijijini kwenu ipate maji na vyoo vinavyodumu

Kamwene wadau. Hii naiandikia wale wenye magrupu ya wazawa, mnajijua, grupu la "Wana wa kijiji fulani waishio Dar na kwingineko", mmeona picha ya choo cha shule mliyosoma mmeumia roho, mkaanza kuchanga, na mtu wa kwanza kuandika kwenye grupu kasema tununue simtanki, lile tenki kubwa la plastiki. Siyo wazo baya ila mara nyingi ndo linakua la kwanza na la mwisho, alafu ukipita mwaka wa pili tanki lipo pale limekauka, koki imeng'oka, watoto bado wanakuja shule na kidumu cha lita tatu cha kubeba maji kutoka mtoni. Kwa iyo nitaeleza hatua kwa namna ambavyo mimi naona inafaa hapa kwetu Nyanda za Juu Kusini, maana hali ya Makete siyo hali ya Isimani na Rungwe siyo Usangu.

Kitu kikubwa ni hiki, anzeni na nani atashika spana na nani atanunua sabuni, majengo yafuate. Mkishindwa kujibu hayo maswali mawili kwa jina la mtu na chanzo cha hela basi pigeni kwanza breki kwenye michango.

Tembeeni na maji kuanzia juu

Siku ya kwanza msikae ofisini kwa mwalimu mkuu. Chukueni mwenyekiti wa kijiji, mtendaji, mtu wa kamati ya shule, fundi bomba wa kijiji na mama mmoja anayechota maji kila siku (huyu msimsahau, anajua kuliko wote ni mwezi gani bomba linakata) mpande mpaka kwenye chanzo alafu mshuke na bomba mpaka shule. Vijiji vyetu vingi vina maji ya mserereko, yani chemchemi iko mlimani, kuna banio (kizuizi kidogo cha kukusanyia maji), bomba linashuka lenyewe bila pampu, miradi mingine imejengwa tangu miaka ya 1980 na hela za Wadenmaki huku Iringa, Mbeya na Ruvuma. Kuna sehemu za Iringa walitumia mpaka mabomba ya mianzi, kweli kabisa, mianzi. Kwa iyo usishangae ukikuta shule haina maji lakini bomba lilishawahi kufika pale na liko chini ya ardhi mpaka leo, limeziba au limekatwa na jembe mita mia mbili tu kutoka darasani. Kufukua na kutengeneza hapo ni hela ndogo sana ukilinganisha na kisima kipya.

Mkiwa juu pale pimeni maji. Hii haihitaji injinia. Chukua ndoo ya lita 20, elekeza maji yote ya chemchemi yaingie kwenye ndoo kwa kipande cha bomba, washa saa ya simu, ona inajaa kwa sekunde ngapi. Ikijaa kwa sekunde 40 ina maana ni nusu lita kwa sekunde, ukizidisha kwa siku nzima yenye sekunde 86,400 unapata lita 43,200. Sera ya Maji ya 2002 ilisema mwananchi wa kijijini apate angalau lita 25 kwa siku, ndani ya mita 400, na kituo kimoja kihudumie watu 250, kwa iyo chemchemi hiyo ya nusu lita inatosha watu kama 1,700 ilimradi kuna tenki la kukusanya maji ya usiku. Bila tenki usiku kucha yanamwagika tu.

Ila pimeni mwezi wa kumi au mwanzoni mwa wa kumi na moja kabla mvua haijaanza. Mtu akikuletea vipimo vya mwezi wa tatu mwambie asante arudi tena. Mwezi wa tatu huku kwetu hata shimo la panya lina maji.

Mkiwa hapo hapo juu angalieni kuna nini pembeni. Mara nyingi utakuta vitu viwili, vinyungu (bustani za bondeni) na milingoti (mikaratusi). Vinyungu ni chakula cha watu wakati wa kiangazi, siyo wa kuwafokea wanakijiji kama vile wamefanya dhambi, lakini kinyungu cha viazi juu ya banio maana yake ni mbolea na dawa za ukungu zinaingia moja kwa moja kwenye bomba la shule. Sheria ya Mazingira ya 2004 inasema mita 60 kutoka kwenye chanzo hakuna kulima wala kujenga. Kaeni na wenye vinyungu kwanza, wengine wanakubali kuhamia chini ya banio wakipewa sehemu, alafu serikali ya kijiji iandike kwenye muhtasari na sheria ndogo. Milingoti nayo inakunywa maji mengi sana, ing'olewe bondeni ipelekwe milimani kwenye mashamba ya mbao, pale kwenye chanzo pandeni mivengi au miti mingine ya asili ambayo wazee wanaijua. Muulizeni mzee yeyote wa Kibena au Kihehe mvengi ni nini atawaonyesha kwa kidole.

Kulinda chemchemi yenyewe kazi yake ni ya wiki kama wananchi wamejitokeza. Mnachimba kurudi nyuma mpaka mlione jicho la maji, mnajenga ukuta mdogo wa mawe na saruji mbele yake wenye bomba la kutolea na bomba la juu la kumwagia ziada, nyuma ya ukuta mnajaza mawe masafi kisha kokoto, juu mnafunika na nailoni nzito na udongo wa mfinyanzi mnashindilia, mnapanda majani. Alafu mnachimba mfereji upande wa juu ili maji ya mvua yazungukie pembeni yasije na kinyesi cha ng'ombe. Mwisho uzio. Watu wanapenda kuruka huo mfereji kwa sababu hauonekani kwenye picha ya uzinduzi, na ndo wenye kazi kubwa kuliko vyote.

Kabla hamjagusa chochote pitieni RUWASA wilayani, yani wakala wa serikali wa maji na usafi wa mazingira vijijini. Tangu Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya 2019 wao ndo wanasimamia maji vijijini, na mradi unaendeshwa na chombo cha watumia maji ambacho watu wanakiita CBWSO, kina mwenyekiti, mhasibu na fundi. Kibali cha kutumia maji ya chanzo kinatoka bodi ya maji ya bonde, na huku tuna mabonde kama Rufiji, Ziwa Rukwa na Ziwa Nyasa, RUWASA watawaambia mko bonde gani. Grupu la wazawa likivuta bomba kimya kimya juu ya mradi wa watu, kesho vitongoji vya chini vitakosa maji na bomba lenu litakatwa usiku, na mimi sitawalaumu waliokata.

Sasa hilo simtanki

Hesabu ya maji ya mvua ni rahisi, mvua ya milimita moja kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Madarasa mawili yaliyoungana yenye bati la mita 16 kwa 8 ni mita 128 za mraba. Sehemu inayopata milimita 900 kwa mwaka, ukitoa asilimia 20 ya kuruka na kuvuja, ni kama lita 92,000. Nyingi eh? Tatizo huku kwetu mvua ni msimu mmoja, kuanzia wa kumi na moja mpaka wa nne au wa tano, baada ya hapo ni vumbi. Shule ya kutwa inahesabiwa lita 5 kwa mtoto kwa siku. Watoto 420 ni lita 2,100 kwa siku. Simtanki la lita 5,000 linakwisha siku ya tatu asubuhi.

Kwa iyo tanki la mvua peke yake halivushi shule kiangazi, labda Rungwe ambako Tukuyu inapata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka na mvua haikati kwa muda mrefu. Kule Isimani au Usangu kwenye mvua kidogo, tanki ni la kusaidiana na bomba au kisima. Tanki linanunuliwa kwa kazi inayojulikana, mfano kukusanya maji ya bomba la mserereko usiku ili mchana watoto 420 wakinawa kwa wakati mmoja presha isife, hapo lita 5,000 zina maana kabisa. Mkinunua la mvua wekeni gata zilizoinama vizuri, wavu kwenye mdomo, na bomba la kumwaga maji ya kwanza ya mwanzo wa msimu, maana bati la miezi sita ya kiangazi limejaa vumbi na mavi ya ndege. Kitako cha tanki kijengwe kwa mawe na zege na kiinuke ndoo ipite chini ya koki. Nimeona matanki yamewekwa chini kabisa mpaka watoto wanachota kwa kukinga sahani.

Vyoo

Mwongozo wa shule unasema tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Shule ya wasichana 220 na wavulana 200 ni matundu 11 na 8, bado ya walimu. Watu wakiona hiyo namba wanakata tamaa, msikate, jengeni kwa awamu ila anzeni na upande wa wasichana na msijenge matundu yote ya awamu ya kwanza kwenye shimo moja.

Udongo ndo unaamua aina ya choo. Rungwe udongo wa volkano ni laini, shimo bila kujengewa na tofali za kuchoma linaporomoka masika ya kwanza, na choo cha shule kikititia watoto wakiwa ndani hiyo siyo habari ya kuandikia mzaha. Usangu maji ya ardhini yako karibu na kuna mafuriko, kule choo kinainuliwa juu ya ardhi kwa msingi, mnapanda ngazi. Popote pale shimo likae angalau mita 30 kutoka kisima au chemchemi na liwe upande wa chini wa mteremko. Sakafu iwe ya zege iliyolainishwa inayopigwa deki, siyo miti na udongo. Kama mnajenga cha shimo wekeni bomba la hewa la inchi nne au sita lipite juu ya paa kwa nusu mita na kichwani lifungwe wavu, ndani ya choo kuwe na kagiza, nzi waliomo shimoni wanafuata mwanga wa bombani wanakwama kwenye wavu wanafia hapo. Fundi akiwawekea bomba bila wavu mrudisheni juu. Sehemu yenye maji ya uhakika yale masinki ya plastiki yenye mfuniko unaojifunga yanafaa sana, harufu inapungua na yanatumia maji kidogo, ila msiyaweke kwenye shule isiyo na maji na ambako watoto wanajisafishia magunzi na karatasi za daftari, yataziba ndani ya wiki.

Mlango. Jamani mlango. Komeo la ndani, la chuma, linalofika kwa mtoto wa darasa la kwanza. Choo cha shule kina tofali nzuri na rangi ya halmashauri alafu milango haina komeo, msichana inabidi aende na rafiki wa kumshikia mlango, matokeo yake anabana mkojo mpaka saa nane anaporudi nyumbani. Komeo ni bei ya soda mbili tatu. Tundu moja liwe na njia ya mteremko, mlango mpana na chuma cha kushikia kwa ajili ya mtoto mwenye ulemavu.

Chumba cha hedhi msikifanye stoo. Kinatakiwa kiwe na maji humo humo ndani, siyo bomba la uani ambako wavulana wanacheza, kiwe na ndoo ya mfuniko, ndoano ya kutundika sketi, kioo kama hela ipo, na tanuru dogo la kuchomea taulo nyuma yake. Ufunguo usikae kwa mwalimu wa kiume. Nasema hivi kwa sababu mkienda shule nyingi mkauliza chumba kiko wapi wataanza kutafuta ufunguo, na msichana wa miaka 13 hawezi kuanza kutafuta ufunguo ofisini mbele ya walimu wote.

Na kwa sababu huku kwetu kitimoto ni chakula cha heshima, kuna jambo la nguruwe. Mtu mwenye minyoo ya tegu akijisaidia porini nguruwe anayezurura anakula ule uchafu, nyama yake inapata vijipunje vyeupe, mtu akiila haijaiva anapata tegu tumboni. Hatari zaidi ni mayai ya tegu kutoka kwenye kinyesi cha mtu yakiingia mdomoni kwa mtu mwingine kupitia mikono au mboga, yanaweza kwenda kukaa kwenye ubongo na kuleta kifafa. Mbozi na Iringa vijijini huu ugonjwa umechunguzwa na umekutwa. Kifafa ambacho kijijini watu wanasema karogwa, kingine chanzo chake ni hicho. Kwa iyo mkutano wa choo cha shule ujumuishe na nguruwe kufungiwa bandani, na nyumba zinazozunguka shule ziwe na choo, la sivyo mtoto anatumia choo kizuri mpaka saa nane alafu anarudi kwenye yale yale.

Kunawa

Kibuyu chirizi wengi wanakijua ila wengi wanakitengeneza vibaya. Chukua dumu la lita 5 lenye mkono, choma msumari kwenye moto, toboa tundu dogo moja ubavuni, upande wa mbele, chini kidogo ya shingo. Simika miti miwili yenye panda, weka kijiti juu yake kimepita kwenye mkono wa dumu ili dumu lining'inie. Funga kamba kwenye shingo, upande wa pili wa kamba funga kwenye kijiti cha kukanyagia, kiwe kinagusa chini upande mmoja. Mtoto akikanyaga dumu linainama linachirizika, hajashika chochote kwa mkono mchafu. Mfuniko wa dumu ubaki, ulegeze kidogo tu hewa iingie. Chini yake weka kokoto, usipoweka panakua tope na hakuna mtoto atakayekanyaga hapo na viatu vya Jumatatu. Sabuni ya mche ikate vipande, toboa, pitisha kamba, ifunike na kopo lililogeuzwa juu yake, kunguru na mvua vyote vinaimaliza.

Dumu moja linanawisha watoto wachache tu. Kwa shule nzima kabla ya uji tumieni bomba la PVC la inchi mbili na nusu, mita tano au sita, mtoboe vitundu kila baada ya sentimita 30, mwisho mmoja uzibwe na mwingine uunganishwe na pipa lenye koki, darasa zima linapanga mistari pande mbili, koki inafunguliwa linanawa. Hii nimeipenda kuliko masinki ya vigae ambayo koki zake zinaibiwa.

Alafu kuna baridi. Makete, Njombe, kule Kitulo mwezi wa sita na wa saba asubuhi kuna barafu kwenye majani, maji yanakata vidole, mtoto atapita pembeni ya kibuyu chirizi huku anakuangalia usoni. Paka dumu rangi nyeusi, lijazwe asubuhi likae juani upande usio na upepo, ikifika saa nne ya uji yana afadhali kubwa. Kitu kidogo ila kinabadilisha idadi ya wanaonawa.

Kwa kunywa, maji ya bomba la mserereko msiyaamini kwa sababu tu yanatoka mlimani. Yachemsheni, na kwa vijiji vya juu ya mita 2,000 maji yanachemka yakiwa na nyuzi kama 93 tu, yaacheni yaendelee kutokota dakika tatu. Kama kuni ni shida, vidonge vya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, mkoroge, msubiri nusu saa, na kama maji yana tope chujeni kwanza kwa kitambaa kisafi maana tope linakula dawa. Hifadhi kwenye ndoo ya mfuniko yenye koki, kila mtoto na kikombe chake.

Spana na sabuni

Hapa ndo nilikua naelekea muda wote. Shule iwe na mita yake au makubaliano ya maandishi na CBWSO, shule inalipa kiasi gani kwa mwezi, nani anakuja koki ikiharibika na ndani ya siku ngapi. Boksi la shule liwe na spana mbili, tredi tepu, koki mbili za akiba na washa za mpira, likae kwa mwalimu wa afya siyo nyumbani kwa fundi. Sabuni isitegemee mfadhili, ipigeni hesabu kwa mwezi alafu muulize kamati ya shule itatoka wapi: bustani ya shule, magunia ya viazi kila mzazi anachangia debe wakati wa mavuno, au grupu la wazawa lenyewe kutuma kila mwezi kiasi kidogo badala ya kuchanga mamilioni mara moja na kupotea. Debe la viazi linakubalika zaidi kuliko hela taslimu, wazazi wengi mwezi wa pili hawana hela kabisa.

Usafi wa vyoo usiwe adhabu. Mtoto aliyechelewa akipewa kudeki choo, shule nzima inajifunza kwamba choo ni jela. Wekeni zamu ya madarasa ya juu, wavulana na wasichana sawa, wakiwa na mabuti, glavu na mifagio yenye mpini mrefu, mwalimu wa zamu akague kabla ya saa mbili. Na mkutano mkuu wa kijiji ambao unatakiwa kuitishwa kila miezi mitatu usomewe taarifa: maji yamekata siku ngapi, sabuni imenunuliwa ya shilingi ngapi, tundu gani limejaa. Mtendaji akisema ajenda ni nyingi, mama yule mliyepanda naye kwenye chanzo asimame aulize yeye.